Fungu Lililo Chini ya Kawa

Kibondo,
siku ya tano baada ya Idi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Goti lako linasemaje msimu huu wa mvua? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Nijibu kwa ukweli, usinifiche kwa kuwa naumwa. Mgonjwa anayefichwa habari huzipika mwenyewe kichwani, na akizipika huzitia chumvi kupita kiasi.

Mimi nipo. Miguu imevimba, viatu nimevipumzisha chini ya kitanda. Daktari wetu hapa, mtu wa Bukoba, si mtu wa kuzungusha maneno. Aliniambia, "Mwalimu, kama una barua ya kuandika, iandike mwezi huu." Nikamjibu kwamba nimefundisha watoto wa watu kuandika barua miaka thelathini, sitashindwa na moja. Tukacheka wote wawili. Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine, nikabaki natazama ukuta.

Barua yako niliipata siku tatu kabla ya Idi. Umeandika kwamba mwaka huu pia utaweka mafungu mawili chini ya kawa, la baba na langu, na siku ya pili utayapika upya kama alivyokuwa akifanya mama, wajukuu wale. Kisha ukanitania: "Kaka, huko kwenu viporo vya Idi mnavifanyaje? Au bado wewe huli chakula kilicholala?" Unakumbuka siku niliyorudi kutoka chuo cha ualimu nikamhubiria mama kwamba kiporo kinadhuru tumbo. Akaniambia, "Basi shule yako ikulishe," na kweli siku ile nililala njaa.

Swali lako ni la mzaha, lakini jibu lake nimelibeba tangu nilipofika huku Buha. Leo nitalitua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Nianze na jepesi. Idi hii nilipika mwenyewe, wali na nyama ya mbuzi, na maharage kando. Nilipika kingi. Mkono wangu ni wa mama, unapima kwa ajili ya watu wanaoweza kutokea. Hakutokea mtu. Walimu wenzangu wa zamani wamehamishwa au wamezikwa, na hawa vijana wa sasa wanajua tu kwamba chumba cha nyuma ya duka la vitambaa kina mzee. Mwenye duka, Mwislamu mwenzetu, aliniletea bakuli la tambi asubuhi, kisha akafunga duka akaenda kwa wanawe Kasulu. Nilivaa kanzu, nikaketi mlangoni. Watu walipita kwenda sokoni na kurudi. Alasiri nilivua kanzu nikaikunja.

Basi siku nne nimekula Idi ileile. Meno yangu ya kutafunia yamebaki mawili na hayakutani, kwa hiyo kila kitu sharti kilegezwe. Wali wa siku ya pili niliuponda kwa maziwa, nikaufunika kwa jani la mgomba na kuweka makaa juu ya kifuniko, ukatoka kama mkate. Nyama niliichambua nyuzinyuzi, nikaitwanga na karanga, nikaichemsha kwa mawese. Maharage niliyaponda pamoja na ndizi za kuchemsha, nikayafanya madonge na kuyakausha kwenye kaango. Ukoko wa sufuria niliuanika juani, nikautwanga, na leo asubuhi nimeunywa kama uji, kwa asali. Idi yangu imeishia kwenye kikombe. Ungeniona ungecheka: kaka yako ambaye hakujua hata kuwasha moto.

Ila siku ya pili sikuwa peke yangu. Alikuja mtu. Huyo ndiye habari yenyewe.

Kwanza turudi Muheza kidogo. Baba alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu, mimi nilikuwa na miaka minane, wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, huna hata jino. Hakurudi. Kila Idi mama, kwa ile desturi ya kwetu ya kumwekea msafiri, alipakua fungu lake kabla ya mafungu yetu, akalifunika kwa kawa, nasi tukakatazwa kuligusa. Siku ya pili, jua likipita utosini, alilifunua na kusema, "Baba yenu hakujaliwa kufika. Kasema mle." Kisha alilipika upya ili lisiitwe kiporo. Mwaka mmoja aliutwanga ule wali na tui na tembo la mnazi kidogo la kuchachusha, ikawa vitumbua. Mwaka mwingine nyama aliitwanga na muhogo, ikawa kababu. Hakurudia pishi la mwaka uliopita. Sasa ninajua kwa nini: alitaka tulingojee kwa hamu fungu lile, tusilile kwa huzuni.

Sasa njoo nami Busunzu.

Nilikuwa nimehamishiwa Kasulu, mwaka wangu wa kwanza huku. Siku ya pili ya Idi nilipanda baiskeli kwenda Kibondo kwa shughuli za shule. Nilipofika Busunzu mnyororo ulikatika na mvua ikanikuta. Watu wakanielekeza kwenye nyumba ya Mwislamu mmoja waliyemwita Mswahili. Mwenyewe hakuwapo. Mkewe, Muha wa palepale, alitoka akainama na kupiga makofi ya heshima.

"Mwakeye, mwalimu. Mwenyewe yuko kwenye mizinga ya nyuki, atakuja. Ingia. Ila Idi imetupita jana, kuna kilicholala tu."

"Mama, mwenye njaa hachagui."

"Ehe! Na walimu huwa na njaa? Sisi tunajua mnakula chaki."

Kwenye kona niliona kawa, Mwanaidi. Kawa la ukili lenye ncha, mishono kama ya nyumbani. Nikauliza nani kalisuka.

"Mume wangu. Majirani wanamcheka, wanasema Mswahili anavalisha chakula kofia."

Alilifunua. Chini yake palikuwa na wali na nyama, havijaguswa. Aliutwanga ule wali na ndizi mbivu, akatia maji ya ndizi yaliyoanza kuchacha, akaacha mchanganyiko uumuke karibu na moto. Kisha akatoa kaango la udongo lenye vishimo saba, ambalo mumewe alimwagiza mfinyanzi wa Makere alifinyange. Akamimina mawese, akaanza kuchoma. Vilikuwa vitumbua. Vyekundu kwa mafuta yale, lakini vitumbua. Nilikuwa na kimoja kinywani nilipouliza kwa nini hawakukila chakula kile jana.

"Hakikuwa chetu," akasema huku akigeuza. "Ni fungu la watoto wake wa Muheza. Kila Idi huwawekea. Siku ya pili, jua likipita utosini, husema, 'Hawakujaliwa kufika. Tupike upya, tule.' Leo umekuja wewe, utakula kwa niaba yao. Mkubwa anaitwa Omari. Mdogo Mwanaidi, huyo alimwacha mgongoni. Yewe mwalimu, mbona hutafuni?"

Sikukitema wala sikukimeza. Nilikaa nacho hivyohivyo mpaka mwenye nyumba alipoingia, mzee mwembamba anayechechemea, nguo zikinuka moshi. Alinisalimu kama unavyomsalimu mgeni yeyote.

"Mwalimu, asili yako wapi?"

"Muheza."

Akaweka chini polepole mzinga aliokuwa ameubeba. "Muheza kwa nani?"

"Kwa Bi Mwanakombo. Nyumba ya karibu na kisima."

Alikaa kwenye kizingiti, akanitazama miguu, akanitazama mikono, uso akauacha wa mwisho. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Basi fungu limefika," akasema, akajifunika uso kwa shuka.

Huyo alikuwa baba yetu, Mwanaidi. Hakuzikwa msituni kama tulivyoambiwa na mama akakataa kuamini. Mguu wake ulioza njiani, msafara ukamwacha, watu wa Busunzu wakamwokota na kumuuguza. Nilimuuliza kwa nini hakurudi alipopona. Alisema, "Mwaka wa kwanza nilikosa nguvu. Wa pili nilikosa njia. Wa tatu nilikosa uso. Baada ya hapo, mwanangu, kila mwaka ulifanya ule unaofuata uwe mgumu zaidi." Akaniomba nisimwambie mama. Nikakubali.

Naweka kalamu. Mkono umechoka.

*

Naendelea leo. Nimeyasoma niliyoandika jana na nimeona nimejipendelea. Nimeandika kana kwamba nilinyamaza kwa sababu baba aliniomba. Si kweli. Mwaka wa kwanza huenda. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilimtaka peke yangu.

Wewe ulikuwa na mama miaka yote. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, kisha chuo, kisha huku. Sikuwahi kuwa na mtu wa kunisubiri jioni. Busunzu nilimpata mtu aliyekuwa akiketi barabarani siku ya kuja kwangu, akisikia kengele ya baiskeli anampigia mkewe kelele, "Mama Zaituni, weka maji motoni, mwanangu kafika!" Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kwa neno hilo nilikuwa nikishuka kabla baiskeli haijasimama. Niliogopa kwamba nikikuandikieni, mtakuja, au mtamwita, nami nitarudi kuwa mwalimu Omari tu.

Ndiyo maana sikuja nyumbani. Nilikuwa nikikuandikieni kwamba likizo imekataliwa. Likizo haikukataliwa hata mara moja. Kila Idi nilikuwa Busunzu, na kila siku ya pili baba alilifunua kawa, nami nikala mafungu mawili, langu na lako. Miaka kumi na minne nilikula fungu lako, dada yangu, huku wewe na mama mkiniwekea langu.

Lipo baya kuliko hilo. Unakumbuka uliniandikia kwamba fundi seremala amemposa mama, mtu mpole, mjane, na mama amemkatalia kwa kusema, "Mume wangu yuko safarini, fungu lake liko chini ya kawa." Barua hiyo nilimsomea baba. Alikuwa anasuka. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari, kisha akasema, "Mwandikie kwamba nampa talaka yake. Mwambie aolewe, asinisubiri. Andika leo, Omari, nisije nikaogopa kesho." Nikachukua karatasi, nikaandika. Nikafikiri: nikiituma talaka, nitaulizwa nimeipata wapi. Nikamwambia baba nimeipeleka posta. Sikuipeleka. Karatasi yenyewe niliichoma jikoni kwa Mama Zaituni, na maji ya chai yakachemka juu yake.

Baba alikufa akiamini mama aliolewa na fundi seremala. Alikuwa akiniuliza kama huyo mume wa mama ni mwema, nami nilijibu kwamba ni mwema sana, amemtengenezea kabati. Nilimwosha kwa mikono yangu, nikamzika Busunzu. Mama aliishi miaka miwili mingine. Hakukaa eda, kwa sababu hakujua ana maiti. Idi mbili alimpakulia mtu niliyemtia udongoni mimi. Na simu ya maandishi ya msiba wa mama iliponifikia, niliificha mfukoni juma zima, kwa kuwa sikuwa na mtu huku ambaye ningeweza kulia mbele yake bila kueleza yote.

Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu.

*

Leo ni siku ya tatu ya barua hii. Nilikuambia siku ya pili ya Idi alikuja mtu. Ni Zaituni, binti ya baba na yule mama wa Busunzu. Mama yake naye ameshatangulia. Zaituni sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mwaka ule wa kuhamia vijijini walivunjiwa nyumba ya zamani wakasogezwa barabarani, na vitu alivyobeba kwanza vilikuwa kawa na lile kaango la vishimo saba. Yeye ndiye anayenifulia na kunikata kucha. Asali uliyoisifu, ambayo nilikuandikia nimeinunua sokoni, ilirinwa na yeye na mumewe. Zile kanga ulizotuma kwa "mama anayekufulia" nilimpa yeye, ila nilimwambia, "Dada yako Mwanaidi amekuletea." Nimemfikishia salamu zako ambazo hukuzituma, mwaka hadi mwaka. Anaamini unamjua. Anaamini unampenda. Usiku akiomba dua anakutaja baada ya watoto wake.

Alikuja kwa lori la mizigo, bakuli kapakata. Desturi ya baba ameishika kama ulivyoishika ya mama. Bado anakuwekea fungu, na siku ya pili huniletea mimi nile kwa niaba yako. Safari hii alikuwa amelifanya vitumbua. Nilijaribu kimoja. Hakikupita.

"Meno, kaka?"

"Siyo meno."

"Basi nitakipondea kwenye maziwa. Mzee Omari siku hizi amekuwa mtoto, anadeka."

Alipokuwa akiponda, akasema bila kuniangalia, kama mtu anayezungumzia kuni: "Ukitutoka, nguo zako sitampa mtu. Nitazipeleka Muheza mwenyewe kwa dada. Nimeshawaambia wanangu. Sijawahi kupanda treni, lakini nitauliza watu. Nikifika nitamwambia, mimi ndiye Zaituni wako. Atanijua, siyo?"

Nikamwambia, "Atakujua."

Ndiyo sababu naandika. Nisingekuwa na ujasiri wa kukuandikia kwa ajili ya roho yangu tu, huo ni ukweli. Lakini namwona mwanamke yule akishuka Muheza na mzigo kichwani, ameuliza njia siku nne kwa Kiswahili chake cha Kiha, amefika mlangoni kwako anatabasamu, nawe unamuuliza, "Wewe ni nani, mama?" Hilo siwezi kuliacha nyuma yangu.

Yeye nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo. Juma hili atakuja siku ya soko. Nitamwambia kwamba salamu zile zilikuwa zangu. Akitaka kumwaga bakuli mbele yangu, amwage. Wewe ukitaka kulitaja jina langu kwa laana, nimeistahili, na ukitaka kulinyamazia, nitashukuru. Lakini hasira yako na mimi tafadhali iishie kwangu. Zaituni hakula fungu la mtu.

Atakapokuja utamtambua. Ana paji la uso la baba, ambalo wewe hukuliona ila unaliona kila siku kwenye kioo. Anapiga makofi anaposalimu na kuinama mpaka chini. Usidhani anakudhihaki, ndiyo adabu ya huku. Atakuletea kanzu yangu, miwani, na lile kaango. Muulize jinsi mama yake alivyokuwa akitia ndizi badala ya sukari. Nawe mwonyeshe kababu za mama, za muhogo. Kati yenu wawili mna mapishi yote ya siku ya pili ya nyumba zote mbili, na sijui mtu mwingine duniani anayeyajua.

Nisalimie shemeji, mwambie asivute tena ile tumbaku. Nisalimie binti yako mkubwa, muuguzi wetu, mwambie mjomba wake amemtii daktari walau mara moja. Wajukuu wako wote, hasa yule anayependa ukoko. Mwambie ukianikwa juani na kutwangwa ni mtamu zaidi kwa uji. Jirani yetu muuza maandazi, kama bado yupo, na kadhi aliyetusomesha juzuu, kama ameacha wana, uwaombe wote waniwie radhi bila kuwaeleza sababu. Na makaburini, ukimtembelea mama, mwambie kwamba kutokaa kwake eda ni kosa langu, si lake.

Mwisho nina ombi moja. Idi ijayo usiweke mafungu mawili. Langu usiliweke kabisa, ligawe lingali la moto, wajukuu wasisubiri kesho kwa ajili ya mtu ambaye angeweza kuja na hakuja. Lakini la baba liweke kama kawaida, chini ya kawa. Na siku Zaituni atakapobisha hodi, iwe Idi au isiwe Idi, mpakulie hilo. Mwambie baba alisema ale.

Lisilale tena.

Nduguyo asiyestahili,
Omari